Govi Kubana: Wakati wa Kungoja na Wakati wa Kwenda Hospitali

Liko jambo ambalo watu huona haya kulitaja kikundini. Mkutano ukiisha, mama humvuta muuguzi kando na kumnong'oneza: "Mtoto wangu ana miaka mitatu na ngozi ya mbele hairudi nyuma. Je, huu ni ugonjwa?" Tuliseme waziwazi, kwa maana haya hizi huumiza watoto na kuwachelewesha wazee.

GOVI LA MTOTO

Govi ni ngozi laini inayofunika kichwa cha uume. Mvulana akizaliwa, kwa kawaida govi huwa limeshikamana na kichwa, kama ganda la ndizi mbichi. Ukilazimisha kulimenya, linatoka na nyama. Ukingoja, linaachana lenyewe.

Muda wa kungoja haulingani. Wengine huachana mapema, wengine mpaka wabalehe. Mwaka 1968 daktari wa Denmark, Jakob Øster, alichapisha matokeo ya kuwapima wavulana wa shule kwa miaka kadhaa. Kwa wale wa miaka 6 na 7, govi lilibana kwa watoto 8 katika kila 100. Kwa wale wa miaka 16 na 17, ni 1 tu katika kila 100. Kwa wengi, basi, dawa ni umri.

Mambo haya mawili yasikutishe. Kwanza, uvimbe mdogo mweupe chini ya ngozi. Huo si usaha, ni uchafu wa ngozi inayoachana. Pili, govi kujaa kama puto mtoto akikojoa. Kama hana maumivu na mkojo unatoka vizuri, mwache.

USIVUTE KWA NGUVU

Wako wanaosema ati mama avute govi kila siku wakati wa kuogesha. Hapana! Ngozi huchanika, hutoa damu, na ikipona huacha kovu. Kovu hilo ndilo hubana kwelikweli. Kumbe mtoto aliyekuwa mzima ametiwa ugonjwa kwa mikono yetu. Mwoshe kwa nje na maji safi, yatosha. Akikua na govi likirudi lenyewe, mfundishe kuosha ndani, kisha kulirudisha mbele.

MPELEKE KITUO CHA AFYA UKIONA HAYA

1. Analia au anajikaza akikojoa, au mkojo unatoka kwa matone.
2. Govi limekuwa jekundu, limevimba, linauma au linatoa usaha.
3. Ana homa na mkojo unamchoma. Mtoto mchanga mwenye homa apelekwe upesi.
4. Ncha ya govi imekuwa nyeupe na ngumu kama kovu.
5. Govi lililokuwa likirudi zamani sasa limekataa.
6. Amebalehe na bado linabana, linachanika au kumuuma.

HII NI DHARURA

Wakati mwingine govi huvutwa nyuma likakwama huko. Hukaza shingo ya uume kama pete iliyobana kidole, na kichwa huvimba. Damu ikikosa njia, nyama yaweza kufa. Mgonjwa anaweza kukishika kichwa kwa kiganja na kukibana polepole ili uvimbe upungue, kisha ajaribu kulirudisha govi mbele. Likikataa, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msikate, msitoboe kwa sindano. Vilevile asiyeweza kukojoa kabisa asingoje asubuhi.

MATIBABU YAKE

Si kila govi linalobana lazima likatwe. Mara nyingi daktari huanza na dawa ya kupaka, ambayo hulainisha ngozi kwa wiki 4 hadi 8. Dawa hiyo ina nguvu, kwa hiyo usijinunulie dukani kwa kukisia. Ikishindikana, au kukiwa na kovu gumu, tohara ya hospitali ndiyo njia. Hapa Kenya serikali ilianzisha mpango wa tohara ya hiari mwaka 2008, hasa kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya ukimwi, na wahudumu wengi walifunzwa kazi hiyo. Tohara ifanywe kwa vifaa safi, kamwe si kwa kisu kinachopokezanwa. Damu isipokoma, au usaha na homa vikitokea baadaye, arudi upesi.

AKINA BABA NA WAZEE

Mwanamume mzima ambaye govi limeanza kubana na kuwasha apimwe sukari. Kisukari chaweza kujionyesha hapo kabla ya ishara nyingine. Kidonda kisichopona, uvimbe, au damu chini ya govi visifichwe, kwani saratani ya uume pia huanza hivyo. Ikigunduliwa mapema hutibika. Mzee akificha kwa kuona aibu, anaweza kufika hospitali wakati kukata uume ndiyo njia pekee iliyobaki.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano ujao, alikeni muuguzi wa zahanati yenu ajibu maswali. Akina baba wakitaka kukaa peke yao, wapewe nafasi. Amueni pia kama mfuko wa kikundi utakopesha nauli ya dharura usiku, na nani atashika fedha hizo. Govi likikwama saa nane ya usiku, hakuna wakati wa kuanza kuchangisha.