Karafuu Nzima, Mafuta ya Karafuu, au Kiti cha Daktari wa Meno?

Jino likianza kupwita usiku wa manane, nyumba nyingi za Pwani hukimbilia kopo la viungo kabla ya duka la dawa. Hazikosei. Karafuu imejaa yujenoli, kemikali inayotia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait waliwapaka watu jeli ya karafuu au benzokeini ufizini, kisha wakawachoma sindano. Zote mbili zilipunguza maumivu, karibu sawa. Suala ni mfuko: ganzi hiyo uilipie kwa sura ipi?

Rahisi kuliko zote ni karafuu yenyewe. Kwa miaka kadhaa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, liliwalipa wakulima wa Unguja na Pemba shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza. Gramu moja, yenye punje zipatazo kumi, ni shilingi 14. Hata muuza duka akizidisha bei hiyo mara kumi, punje moja haivuki shilingi 15. Iponde kidogo, iweke kando ya jino, iache dakika chache, uiteme. Mafuta hutoka taratibu, kwa hiyo ni vigumu kuzidisha.

Kwenye chupa ndiko pesa hupotea. Jina "mafuta ya karafuu" hubeba vitu vitatu tofauti. Yapo yaliyokenekwa kutokana na karafuu zenyewe, nayo ni ghali kwa sababu karafuu kavu ina soko lake tayari. Yapo ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani, kama yanayotengenezwa Pemba, ya bei nafuu na yenye yujenoli tele. Kwa jino sioni sababu ya kuyaruka haya; unacholipia zaidi kwenye yale ya kwanza ni uzuri wa harufu. Halafu yapo mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Haya ni mazuri ya kuchua mwili, lakini ni dhaifu, na hayastahili kabisa bei ya yaliyokenekwa. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Ya nazi huelea. Jaribio hili halithibitishi usafi wote, ila humfichua aliyeuza mafuta ya kupikia kwa jina la karafuu.

Nunua chupa ndogo, ya kioo cheusi. Mililita 10 ni matone kama 200, na kila mara unahitaji tone moja tu ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, ukachovya pamba. Ukiyapaka makali yalivyo, yataunguza ufizi. Chupa ya mililita 50 nyumbani ni hasara, na ni hatari pia: mtoto mdogo akinywa mililita 5 hadi 10 tu anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Penye watoto wadogo ningebaki na punje. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, maana yujenoli nayo huvuta upande huohuo.

Vidonge vya parasetamoli navyo ni rahisi, na ni bora maumivu yanapotanda kichwani na shingoni.

Lakini punje, tone wala kidonge havizibi tundu. Vyote vinakununulia saa chache za kulala. Tundu dogo huzibwa mara moja. Likifika kwenye neva, unalipia matibabu ya mzizi au kung'oa, na baadaye jino la bandia. Kwa hiyo mwenye elfu chache tu mkononi atumie karafuu ya jikoni usiku huo, na pesa ya chupa aiweke nauli ya kliniki asubuhi. Shavu likivimba, homa ikipanda au kumeza kukiwa kugumu, asingoje asubuhi.