Mgodi na afya ya jamaa: semeni mnayoyaona

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba,

Kabla mgodi mpya haujafunguliwa, sheria ya migodi ya nchi yetu inadai uchunguzi ufanywe: maji, hewa, udongo na maisha ya watu vitapatwa na nini? Sheria hiyo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka pia watu wanaokaa karibu waulizwe.

Kwa nini waulizwe, nao si wataalamu? Kwa sababu mtaalamu anakuja na chupa zake za kupimia, anakaa siku chache, anarudi. Akija wakati wa kiangazi, hataona maji machafu yanayoshuka wakati wa mvua. Lakini mama anayeteka maji kila asubuhi anajua ni kisima gani kinabadilika rangi. Anayelima lengalenga anajua vumbi linatua upande gani.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali. Mwaka 2018 zikatoka habari za mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi: watoto walikutwa na kobalti nyingi kuliko wakubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono kinywani. Vumbi linaingia naye.

Basi, siku ya mkutano mfanye hivi:

1. Mama waende pia, nao waseme.

2. Tajeni mahali na wakati: kisima gani, mwezi gani, upepo ukitoka wapi. Kusema tu "maji ni mabaya" hakutoshi.

3. Ombeni maji, udongo na vumbi vipimwe kabla kazi haijaanza. Bila kipimo cha kwanza, kesho hakuna atakayeweza kuonyesha kilichobadilika.

4. Ulizeni matokeo yatasomwa lini mbele ya watu wote, na kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu.

Anayenyamaza asidhani kwamba analinda kazi yake. Mgodi unatulisha, ni kweli. Lakini mshahara unaoishia lopitalo haujengi nyumba.