Nguvu ya Kugonga Mpira Hutoka Kiunoni

Mwezi Agosti mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza besiboli katika mashindano ya dunia ya watoto huko South Williamsport, Pennsylvania, nchini Marekani. Katika mchezo wao mmoja waliishinda timu ya Gresham, Oregon, kwa pointi 3 dhidi ya 2. Mzazi ambaye mwanawe ameshika gongo la mchezo huu hana budi kuuliza nguvu ya kugonga mpira hutoka wapi, na ni mazoezi gani yanayomfaa kijana ambaye mifupa yake ingali inakua.

Akina baba wengi, na hasa waliopitia mafunzo ya kijeshi, humwambia kijana aongeze pushapu ili mikono iwe minene. Ushauri huo si mbaya, ila hautoshi. Mtazame mpasua kuni hodari. Nguvu ya shoka lake huanzia katika nyayo zilizokanyaga ardhi, ikapanda miguuni, ikapita nyonga na kiwiliwili, ndipo ikafika mabegani na mwisho viganjani. Mpigaji wa besiboli hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba yeye hujizungusha: nyonga hutangulia, mabega hufuata, na gongo huja nyuma ya vyote. Kiwiliwili kikilegea, nguvu ya miguu hupotea njiani mfano wa maji katika mpira wa bustani uliotoboka.

Kiwiliwili kinachosemwa hapa si tumbo la mbele pekee. Ni misuli yote inayouzunguka uti wa mgongo: ya tumbo, ya ubavuni, ya mgongoni, ya makalio, pamoja na kiwambo cha kupumulia. Kazi yake kubwa ni kuufanya uti wa mgongo utulie wakati miguu na mikono inapokwenda kwa kasi. Mama anayetembea na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga tone anaijua kazi hiyo, ingawa hakufundishwa na mwalimu yeyote.

Katika uwanja wa wakubwa, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji. Mpira wa kilomita 110 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda unaozidi nusu sekunde kidogo tu. Katika muda huo ni lazima auone, aamue, na azungushe gongo. Basi yule ambaye gongo lake ni jepesi wa mwendo hupata nafasi ya kuungoja mpira kidogo zaidi kabla ya kukata shauri. Hiyo ndiyo faida, wala si kuupeleka mpira mbali tu.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwafuata vijana wa sekondari kwa wiki 12. Wote walinyanyua vyuma na kuzungusha gongo, lakini kundi moja liliongezewa kurusha mpira mzito kwa kuzungusha kiwiliwili. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na lile lililoongezewa likapata kasi kubwa zaidi ya gongo. Ieleweke kwamba hawakuacha kupiga. Kiwiliwili imara hakimfundishi mtu kuutambua mpira uliopinda.

Nyumbani hakuhitajiki vyombo vya gharama. Stuart McGill, profesa wa Canada aliyechunguza migongo kwa miaka mingi, hupendekeza mazoezi matatu. La kwanza ni kulala chali, goti moja limekunjwa na viganja viko chini ya kiuno, kisha kuinua kichwa na mabega kidogo tu. La pili ni kulala ubavu na kujiinua juu ya kiwiko mpaka mwili unyooke. La tatu ni kupiga magoti, viganja vikiwa chini, na kunyoosha mkono mmoja pamoja na mguu wa upande wa pili. Kila mkao hudumu sekunde zipatazo 10, kisha mtu hupumzika na kurudia. Kubeba dumu la maji kwa mkono mmoja bila kuinamia upande nako ni zoezi zuri, na maji hufika jikoni. Mpira wa zamani uliojazwa mchanga, usiozidi kilo 3, wafaa kurushwa ukutani kutoka upande wa nyonga, kulia na kushoto kwa idadi sawa.

Kule kumwamuru mtoto alale chali na kuinuka mara mia, kwa sifa tu, kuachwe. Kunaukunja mgongo bure. Aidha, kijana anayelalamika kwamba kiuno chamuuma anapojipinda nyuma, na maumivu yakapita wiki mbili, asiambiwe ajikaze kiume. Huenda pana ufa mdogo katika pingili ya chini ya kiuno, mara nyingi ile ya tano, jambo linalowapata vijana wa michezo ya kujizungusha. Apelekwe hospitali, na gongo liwekwe kando. Mapumziko yake mara nyingi ni miezi mitatu hivi, na wengi hurudi uwanjani wakiwa wazima.