Kuponi ya nusu bei na hesabu za mwenye duka

Novemba 2011, vyombo vya habari vya Uingereza vilitangaza habari za duka la keki mjini Reading lililokaribia kuzama kwa sababu ya wingi wa wateja. Duka lilikuwa na wafanyakazi wanane. Mwenye duka alitangaza kupitia mtandao wa Groupon kwamba dazeni ya keki ndogo, ambayo siku zote aliiuza paundi 26, sasa ingepatikana kwa paundi 6.50. Watu 8,500 wakanunua kuponi. Zidisha: keki 102,000. Ikabidi achukue vibarua 25 kupitia wakala, na bado kila dazeni iliyotoka jikoni ilimtia hasara ya kati ya paundi 2.50 na 3. Gharama za ziada peke yake zikafika kama paundi 12,500, karibu faida yake yote ya mwaka.

Wengi hukitaja kisa hiki kuthibitisha kwamba ofa za kununua kwa kundi ni mtego kwa mfanyabiashara mdogo. Mimi naona kinathibitisha jambo finyu zaidi: keki haikufaa kuuzwa hivyo, na ofa isiyo na kikomo haimfai mtu yeyote.

Groupon ilianzia Chicago mwaka 2008, na ofa yake ya kwanza ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja. Wakati huo wanunuzi walipofika idadi iliyowekwa, ofa ilifunguka. Wasipofika, hakuna aliyetozwa. Waigaji walijitokeza kila mahali. China peke yake ilikuwa na maelfu ya mitandao ya aina hiyo kufikia 2011, na Nairobi nayo ikapata Rupu. Kwa kawaida bei hukatwa nusu au zaidi, kisha mtandao huchukua takribani nusu ya kile mteja alicholipa. Kwa hiyo mwenye biashara hubaki na kama robo ya bei yake ya kila siku. Hiyo robo ndiyo ya kuikazia macho. Punguzo la asilimia 50 linaloandikwa kwenye tangazo ni la mteja. La muuzaji ni asilimia 75.

Tuchukue mgahawa unaouza sahani ya samaki na wali kwa shilingi 800. Samaki, mchele, nazi, mafuta na gesi vinagharimu 280, hivyo kila sahani huacha 520 za kulipia kodi, mishahara na faida. Kwenye ofa mteja analipa 400, mgahawa unapata 200. Hapo kila sahani inakula shilingi 80 za mwenyewe. Kuponi 500 zikitumika, zimekwenda 40,000.

Mwenye mgahawa atajitetea kwamba hiyo ni gharama ya tangazo. Sawa, mradi walioketi mezani ni wageni. Ikiwa 100 kati yao ni wateja wake wa siku zote, ambao wangekuja na kulipa 800 bila kushawishiwa, kila mmoja wao amemkosesha 520 na kumla 80 juu yake, yaani 600. Ongeza hasara ya wageni 400, jumla inafika 92,000. Sasa tuseme mgeni mmoja kati ya watano anarudi na kulipa bei kamili. Hao ni watu 80, na kila mmoja itabidi arudi mara tatu ndipo mgahawa uanze kupumua.

Huyo mmoja kati ya watano sikumbuni. Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, aliwahoji wenye biashara 324 waliotoa ofa kama hizi, na matokeo aliyoyatoa 2011 yalionyesha kwamba karibu wanunuzi wanane kati ya kumi walikuwa wageni, lakini ni asilimia 20 hivi tu waliorudi kwa bei kamili. Asilimia 55 ya biashara zilipata faida, zaidi kidogo ya robo zikapata hasara, zilizobaki zikatoka sare. Zaidi ya nusu kupata faida si haba. Basi zilizofanikiwa zilikuwa na nini?

Jibu liko kwenye gharama ya kumhudumia mtu mmoja wa ziada. Kiti cha saluni kisicho na mtu Jumanne asubuhi hakimwingizii mwenyewe senti, na msusi yupo amekaa. Robo ya bei hapo inazidi sifuri. Ndivyo ilivyo kwa chumba cha hoteli msimu wa mvua, darasa la mazoezi au kozi ya udereva ambayo gari litatoka tu, vijae viti viwili au vitatu. Keki haiko hivyo: kila moja inataka unga wake, siagi yake na mikono yake. Na biashara mpya isiyojulikana hufaidika kuliko kongwe, kwa kuwa haina wateja wa zamani wa kuwauzia kwa hasara.

Mengine yamo kwenye mkataba, ambao watu huusaini upesi mno. Uwekwe kikomo cha kuponi, na siku zitajwe ili Ijumaa jioni ibaki ya wanaolipa kamili. Uulize pia kuhusu kuponi zisizotumika, maana huwa ni nyingi: fedha zake ni za nani? Groupon iliwahi kuwalipa wafanyabiashara wa Marekani hata kwa zile ambazo hazikutumika, lakini katika nchi nyingine mara nyingi ililipa zilizotumika tu.

Halafu kuna namba ya simu ya mteja. Unaoijua ni mtandao, na kesho mtandao huohuo utampelekea ofa ya mshindani wako wa mtaa wa pili. Mwombe mwenyewe anapoonyesha kuponi yake kaunta, uiandike pembeni na tarehe. Miezi mitatu baadaye, linganisha orodha hiyo na namba za waliorudi wakalipa bei kamili. Namba zinazojirudia ndizo ulizozinunua kwa ile hasara.