Nyambizi moja, viwanda viwili: Marekani inavyogawana kazi ya kuunda nyambizi za nyuklia



Aprili 14, 2018 nyambizi ya Marekani USS John Warner, ikiwa katika Bahari ya Mediterania, ilirusha makombora sita ya Tomahawk dhidi ya Syria. Leo tunaeleza chombo cha namna hiyo huundwaje.

John Warner ni ya aina ya Virginia. Aina hii huundwa na mahasimu wawili wa kibiashara: Electric Boat ya Groton, Connecticut, na Newport News ya jimbo la Virginia. Vita Baridi vilipokwisha oda zilipungua mno. Kumpa mmoja kazi yote kungemtoa mwingine katika uundaji wa nyambizi, hivyo mwaka 1997 wakakubaliana kugawana.

Nyambizi huundwa kwa mapande, mfano wa pingili za muwa. Newport News hutengeneza omo, tezi, mnara wa juu na sehemu ya malazi. Electric Boat hutengeneza chumba cha injini na chumba cha kuongozea. Mabomba, nyaya na mashine hutiwa pande likiwa bado wazi, kwani fundi hufanya kazi kwa wepesi zaidi kuliko kujipenyeza ndani ya chuma kilichokwisha fungwa. Kisha mapande husafirishwa kwa tishari hadi kiwanda chenye zamu ya kuunganisha. Zamu hiyo, pamoja na ya sehemu ya kinu cha nyuklia, hupokezanwa. John Warner iliunganishwa Newport News.

Hapa pana suala la kifiqhi: fundi Muislamu aliyechomelea pande moja tu ana fungu gani katika kombora lililorushwa? Wanachuoni hutofautisha mtendaji wa moja kwa moja (mubashir) na aliyesababisha (mutasabbib), na wakati huohuo kusaidiana katika dhulma kumekatazwa. Tunaona mwenye kazi hiyo amuulize mwanachuoni huku akimweleza hasa anachokifanya. Kuchomelea kitanda cha baharia si sawa na kufunga mirija ya makombora iliyoko omo.

Mgawanyo huu una gharama yake, maana kiwanda kimoja kikichelewa, kingine husubiri. Marekani inataka nyambizi mbili za Virginia kwa mwaka, lakini miaka ya karibuni imepata takriban 1.2. Hata hivyo, chini ya mapatano ya AUKUS yaliyotangazwa mwaka 2021, imeahidi kuiuzia Australia angalau tatu katika muongo wa 2030.