Kabla ya Kuhamia Godauni Lililogeuzwa Makao

Godauni lisilotumika tena linaweza kuwa makao mazuri. Nafasi ni kubwa, paa liko juu na mara nyingi si mbali na katikati mwa mji. Mtaani SoHo, New York, wasanii walianza kuishi katika viwanda vilivyobaki wazi, na mwaka wa 1982 ikatungwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya aina hiyo na kuwataka wenye majengo wayafanye salama.

Usalama ndio hoja kuu, kwa sababu godauni hujengwa kwa ajili ya bidhaa, si mtu aliyelala. Mwezi Desemba 2016, watu 36 walifariki mjini Oakland, Marekani, baada ya moto kuzuka wakati wa tamasha la muziki katika ghala ambalo watu waliishi bila idhini.

Nchini Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwenye jengo apate idhini ya kaunti kabla ya kubadilisha matumizi yake. Kuweka vitanda na kuta za mbao ndani ya godauni hakulifanyi kuwa nyumba ya kuishi kisheria. Anayeanza ustawishaji bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili.

Kabla ya kulipa arbuni, mpangaji anafaa:

• Kuomba kuonyeshwa idhini ya kubadilisha matumizi na cheti cha kuruhusu jengo likaliwe.

• Kuhakikisha kuna njia zaidi ya moja ya kutokea na madirisha yanayofunguka. Jiko la makaa katika chumba kisichopitisha hewa huua.

• Kuuliza paa ni la nini. Vumbi la asbesto husababisha saratani ya mapafu, na dalili zaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Paa hilo lisikatwe wala kuvunjwa kiholela. Huondolewa kwa kufuata masharti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

• Kuuliza ni bidhaa gani zilizohifadhiwa humo awali, hasa kemikali na mafuta, na ni biashara gani inayoendeshwa jirani.

• Kuuliza kama orofa iliyoongezwa ndani ilikaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa.

Mwenye jengo asipoonyesha stakabadhi hizo, mkazi anashauriwa kufika katika ofisi ya mipango ya kaunti kuuliza kabla ya kutoa pesa.