Faida ya Daftari kwa Mfanya Biashara Mdogo

Wasomaji wetu, mara nyingi twasikia watu wakinung'unika barazani kwamba kodi ya biashara hutozwa kwa kubahatisha. Husema, maduka mawili yamesimama mtaa mmoja, yenye bidhaa sawasawa, lakini mwenye duka moja hulipa shilingi 30,000 kwa mwaka na mwenzake hulipa shilingi 100,000. Wengi hudhani kwamba huo ni upendeleo. Sisi hatusemi kwamba upendeleo haupo duniani, lakini tofauti hiyo yaweza kutoka katika sheria yenyewe, na sababu yake ni daftari. Leo twapenda kulieleza jambo hili kama lilivyo katika nchi ya Tanzania.

Kodi ya zamani ilikuwa nyepesi kufahamika. Wadachi walipotoa amri yao mwaka 1897, walihesabu nyumba. Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1922 walihesabu nyumba na vichwa. Hata kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilimwangalia mtu mwenyewe. Nyumba yaonekana, na kichwa chaonekana. Lakini kodi ya mfanya biashara mdogo hupimwa kwa mauzo yake, na mauzo ya mwaka mzima hayaonekani kwa macho. Huonekana kwa maandishi tu.

Yafaa kwanza tufahamu maana ya mauzo. Mauzo si faida. Ni fedha yote iliyopatikana kwa kuuza, kabla ya kutoa bei ya kununulia, nauli na pango. Mtu akiuza mifuko 10 ya saruji kwa shilingi 180,000, mauzo yake ni shilingi 180,000, hata kama faida iliyombakia ni shilingi 10,000 tu.

Sasa tutazame viwango vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kitu. Aliyepita hapo mpaka shilingi 7,000,000, kama hana hesabu zilizoandikwa, hutozwa shilingi 100,000. Lakini akiwa nazo, hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi shilingi 4,000,000. Aliyepita shilingi 7,000,000 mpaka 11,000,000, asiye na hesabu hutozwa shilingi 250,000. Mwenye hesabu hutozwa shilingi 90,000 na asilimia 3 ya kile kilichozidi shilingi 7,000,000.

Basi tutwae mfano wa ndugu wawili wauzao misumari, mabati na saruji. Kila mmoja ameuza kwa shilingi 5,000,000 katika mwaka. Wa kwanza hana daftari, naye atalipa shilingi 100,000. Wa pili analo. Kilichozidi ni shilingi 1,000,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Amebakiwa na shilingi 70,000 mkononi. Wakiuza kila mmoja kwa shilingi 9,000,000, wa kwanza atalipa shilingi 250,000 na wa pili shilingi 150,000. Hapo daftari limeokoa shilingi 100,000.

Tena yuko mnyonge kuliko hao, naye ni yule auzaye kwa shilingi 3,500,000 tu. Kwa sheria hadaiwi. Lakini afisa akija na kuona rafu zimejaa, huyu ataonyesha nini? Asiye na maandishi hana shahidi, naye atakadiriwa kwa jinsi duka lionekanavyo.

Wako wasemao, "Nikiandika, Serikali itayaona mapato yangu yote." Neno hili hulisemwa sana, nalo ndilo liwapalo watu hasara. Kama tulivyoona, katika ngazi hizo mbili mwenye kuandika hulipa pungufu, wala hakuna mahali anapolipa zaidi ya mwenzake asiyeandika. Twaonya tu kwamba viwango hubadilishwa na Bunge katika sheria za fedha za kila mwaka. Kwa hiyo ni vema kuuliza katika afisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kupiga hesabu. Na mkandarasi wa ujenzi asijipime kwa ngazi hii, kwa maana kazi yake ina hesabu nyingine.

Kuandika si kazi ngumu. Piga mistari katika daftari upate safu nne: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Andika kila jioni kabla ya kufunga mlango, wala usingoje Jumamosi. Fedha uliyokopa, au uliyotumiwa na mwanao kwa simu, si mauzo. Iandike mbali, isije ikahesabiwa pamoja. Stakabadhi zote zitunzwe pamoja na daftari kwa miaka 5, kama sheria itakavyo.

Mwenye nyumba ya kupangisha mjini naye asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa shilingi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Wote wawili wakiandika kila makato, watapatana kwa amani siku ya kulipa pango, wasipoandika, watagombana.

Twawaomba wenyeviti wa vijiji walitaje jambo hili katika mikutano yao. Nanyi walimu, mtoto ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kumwandikia mama yake mauzo ya genge kila jioni. Mfundisheni safu hizo nne. Wazee wetu walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kulipa haki yake, wala asilipe zaidi, na aanze kuandika jioni ya leo.